Lenzi ya Bei Nafuu kwa Picha za Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapigapicha wa Mombasa

Majibu haya yamekusudiwa mpigapicha mwenye kamera moja, fedha za lenzi moja tu, na kazi za kila namna: harusi, familia ufukweni, picha za wafanyakazi ofisini, na matembezi ya Mji wa Kale. Karibu kila jibu litakurudisha kwenye jambo lile lile, yaani umbali utakaosimama kutoka kwa mtu unayempiga picha. Wengi huanza kuuliza bei na jina la kampuni, na umbali wakaukumbuka wakiwa wameshanunua.

## Misingi

Je, lenzi iliyokuja na kamera haitoshi kupigia picha za watu?

Inatosha kwa kazi nyingi kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Lenzi ya 18-55mm, ukiivuta hadi 55mm na kusimama mita 2 kutoka kwa mtu aliyekaa kivulini wakati wa mchana, itakupa picha ya uso ambayo mteja hataona kasoro yake. Inashindwa mahali pawili: mwanga unapopungua, na unapotaka vilivyo nyuma ya mtu vififie. Ikiwa kwenye 55mm, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (nambari hizi zinaelezwa katika jibu linalofuata), ilhali lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Katika ukumbi wa harusi usiku, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupiga kwa ISO 640 na kupiga kwa ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Hata ukinunua nyingine, usiiuze hii, kwa sababu zinazoelezwa katika jibu la mwisho la ukurasa huu.

Nambari kama 50mm na f/1.8 zinamaanisha nini?

Nambari ya kwanza ni urefu wa fokasi. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyoona sehemu nyembamba zaidi ya kilicho mbele yako, na ndivyo unavyolazimika kurudi nyuma ili mtu aenee kwenye picha. Nambari ya pili inaeleza tundu la lenzi linapofunguka kabisa. Ni mgawanyo: 50mm ikigawanywa kwa 1.8 hutoa tundu lenye kipenyo cha takriban milimita 28. Ndiyo maana nambari ndogo baada ya f ina maana ya tundu kubwa, mwanga mwingi, na mandhari ya nyuma yenye kufifia zaidi. Lenzi yenye nambari mbili za urefu, kama 18-55mm, ni ya zumu. Yenye nambari moja huitwa praimu na haivutiki, kwa hiyo miguu yako ndiyo inayofanya kazi ya zumu.

Ni kweli kwamba lenzi fulani hukuza pua na nyingine hunenepesha uso?

Umbo la uso katika picha huamuliwa na umbali, si lenzi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni takriban sentimita 12. Ukisimama nusu mita kutoka kwenye pua ya mtu, sikio liko sentimita 62 kutoka kwenye kamera, na pua itaonekana kubwa kwa karibu robo ikilinganishwa na sikio. Ukirudi hadi mita 2, tofauti hiyo hupungua ikawa kama asilimia 6, na uso unakuwa ule tunaoufahamu kwa kuuona kila siku. Ukirudi mbali sana, tuseme mita 10, sura huanza kuonekana bapa kidogo.

Lenzi fupi imesingiziwa kwa sababu inakulazimisha kusogea karibu ili uso ujaze picha. Kwa picha za uso, mita 1.5 hadi 3 ni masafa salama. Chagua lenzi ambayo, ukiwa ndani ya masafa hayo, inakupa ukubwa wa uso unaoutaka. Ukilielewa hili, maswali mengi yanayofuata yanajijibu yenyewe.

Kwa nini kila mtu hutaja 50mm f/1.8?

Kwa sababu katika safu ya karibu kila kampuni ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na bado huingiza mwanga mwingi. Muundo wa vioo wa lenzi za 50mm umefahamika kwa muda mrefu na hauhitaji vioo vikubwa wala vya aina ya pekee; kwa hiyo bei ndogo haitokani na ubovu. Canon EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2015 ina uzito wa gramu 160, na Nikon AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011 ina gramu 185. Watumiaji wa kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake (mirrorless) wana Canon RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020 na Sony FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016.

Kama hutasoma jibu jingine, na kamera yako ina kihisi (sehemu ya ndani inayopokea picha) kidogo, nunua hii. Lakini soma kwanza jibu la nafasi unayohitaji, maana wapo ambao 50mm itawatesa.

## Kuchagua urefu unaokufaa

Kamera yangu ina kihisi kidogo. Je, 50mm inageuka kuwa 80mm?

Lenzi haigeuki, kinachotokea ni kwamba kihisi kidogo hukata kingo za picha. Kihisi kamili kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za kuanzia, zikiwemo Canon zenye nambari kama 250D na 2000D au Nikon D3500 na D5600, zina kihisi kidogo kuliko hicho. Kwa Canon za aina hiyo unazidisha urefu kwa 1.6, na kwa Nikon, Sony na Fujifilm unazidisha kwa 1.5. Hivyo 50mm huona sehemu ile ile ambayo 80mm au 75mm ingeiona kwenye kihisi kamili, na hayo ndiyo masafa ambayo wapigapicha wa sura wameyapenda kwa miaka mingi. Mwenye kihisi kamili anayetaka mwonekano huo hutafuta 85mm, na hulipa zaidi.

Ninahitaji nafasi kiasi gani ili mtu aenee?

Hesabu ifuatayo ni ya kamera ya Canon yenye kihisi kidogo, iliyoshikwa wima. Kwa mtu mzima aliyesimama, pamoja na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya miguu, picha inahitaji kubeba urefu wa mita 2. Kwa 35mm utasimama kama mita 3.1 kutoka kwake. Kwa 50mm, mita 4.5; kwa 85mm, zaidi ya mita 7.5. Kwa picha ya kuanzia kiunoni, inayobeba mita 1, umbali unapungua kwa nusu: takriban mita 1.6, 2.2 na 3.8.

Sasa pima chumba chako. Studio nyingi za mitaani ni chumba kimoja cha duka, na ukiondoa pazia la nyuma, stendi za taa na nafasi ya kusimama wewe mwenyewe, mita 4.5 hazipatikani. Sebule ya nyumba ya kupanga pia haina nafasi hiyo, hasa siku ya harusi ambapo shangazi wote wameketi mle mle. Nje hali ni tofauti kabisa. Hata vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo watu huviogopa kwa wembamba wake, vina urefu wa kutosha: mweke mtu katikati ya kichochoro, nawe urudi nyuma kwa kufuata urefu wake, badala ya kumbandika ukutani na kujibana kwenye ukuta wa pili. Kuta za mawe ya matumbawe pande zote mbili zitakupa kivuli laini, na milango ya nakshi itafifia nyuma yake ikiendelea kuonekana.

Basi nichague 35mm, 50mm au 85mm?

Kwa kihisi kidogo: 35mm kama kazi yako kubwa ni ndani ya nyumba na vyumba vidogo, au kama lenzi hiyo hiyo itapiga chakula, mitaa na sherehe; 50mm kama unapiga zaidi nyuso na nusu ya mwili, nje au katika ukumbi; 85mm kama tayari unayo mojawapo ya hizo na unataka nyingine. Nikon ina 35mm f/1.8G ya mwaka 2009 iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi kidogo, nayo ni ya bei ya chini na nzuri kweli.

Kwa kihisi kamili: 50mm ndiyo ya kazi zote na 85mm f/1.8 ndiyo ya sura. Ukiwa na fedha za moja tu, maoni yangu ni 50mm, kwa sababu 85mm ndani ya nyumba zetu itakufukuza hadi barazani.

Zumu ndefu kama 55-250mm inafaa picha za watu?

Inafaa sana, na inadharauliwa bila sababu. Mkiwa nje mchana, ukiivuta hadi 250mm kwa f/5.6, kipenyo cha tundu ni takriban milimita 45, kikubwa kuliko zile 28 za 50mm f/1.8. Mtu akiwa na ukubwa ule ule katika picha, na mandhari ya nyuma yakiwa mbali sana, kama bahari au miti ya ng'ambo ya kivuko cha Likoni, zumu hiyo itayafifisha zaidi kuliko praimu inayosifiwa. Gharama yake ni umbali: kwa nusu ya mwili utasimama zaidi ya mita 11, na itabidi upaze sauti ili mteja akusikie juu ya upepo wa Mama Ngina. Jua likizama, zumu hii huishiwa na uwezo haraka. Kizuia mtikisiko kilichomo hutuliza mkono wako tu, hakimtulizi mtoto anayekimbia.

Na picha za pasipoti na kitambulisho?

Lenzi yoyote ya hapo juu inafaa, mradi usimame angalau mita 1.5. Funga tundu hadi f/5.6 au f/8 ili masikio yawe makali kama macho.

## Tundu, mwanga na ukali

Je, f/1.4 ni bora kiasi cha kustahili bei yake?

Kwa anayeanza, hapana. Kutoka f/1.8 hadi f/1.4 unaongeza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua moja (hatua moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu), tofauti ambayo mteja haioni. Fedha hizo zinunue flashi au kiakisi cha mwanga.

Kwa nini jicho moja ni kali na jingine limefifia?

Kwa sababu tundu limefunguka mno kwa umbali huo. Kwa 50mm f/1.8 kwenye Canon ya kihisi kidogo, ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 6 kutoka mbele hadi nyuma. Akigeuza kichwa kidogo tu, jicho la pili linatoka nje ya eneo hilo. Ukifunga hadi f/4 na kurudi hadi mita 2.5, ukali huenea takriban sentimita 38, na uso wote umo.

Kununua lenzi ya f/1.8 hakukulazimishi kupiga kwa f/1.8. Lenzi nyingi za bei hii huwa kali zaidi zikifungwa kati ya f/2.8 na f/4. Fungua kabisa pale mwanga unapokosekana, au pale unapokusudia kweli jicho moja tu ndilo lionekane, na daima elekeza nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe.

Nikipiga ufukweni mchana kwa f/1.8, picha hutoka nyeupe. Lenzi ni mbovu?

Lenzi ni nzima. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 na f/1.8, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) inayohitajika ni karibu 1/8000 ya sekunde, na kamera nyingi za kuanzia huishia 1/4000. Mchanga mweupe wa Nyali au Diani huzidisha tatizo kwa kuurudisha mwanga juu. Una njia tatu: funga tundu hadi f/2.8 au zaidi, sogea kivulini, au vaa filta ya kupunguza mwanga yenye nguvu ya hatua 2 au 3. Ukitaka kutumia flashi kujaza vivuli, filta inakuwa ya lazima, kwa kuwa flashi ya kawaida haiendani na shata inayopita takriban 1/200.

Hakuna lenzi itakayotibu jua la saa sita. Mombasa iko kwenye nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua husimama karibu na utosi na kuyatia macho kivuli. Panga kazi za ufukweni mapema asubuhi, jua linapotoka baharini, au jioni linaposhuka upande wa bara. Nyakati hizo jua likiwa nyuma ya mtu hupenya moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi na kuitia picha weupe wa ukungu, kwa hiyo nunua kofia ya lenzi. Ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa.

Kwa nini fokasi hutafutatafuta ninapompiga aliyevaa buibui jeusi?

Fokasi ya kamera huhitaji mahali ambapo weusi na weupe vinakutana, na kitambaa cheusi cha rangi moja hakina mahali hapo. Weka nukta kwenye jicho, kwenye ukingo wa mtandio unaogusa uso, au kwenye hina ya mkono. Kanzu nyeupe isiyo na darizi huleta tatizo lile lile. Tumia nukta ya katikati, ambayo kwenye kamera za kioo (DSLR) huwa na uwezo kuliko za pembeni.

## Kununua

Nitajuaje kama lenzi itaingia kwenye kamera yangu, na fokasi itafanya kazi?

Lenzi za Canon EF huingia kwenye kamera zote za Canon za kioo za mfumo wa EOS. Za EF-S huingia kwenye zile za kihisi kidogo tu. Kamera za mfululizo wa R huzipokea zote mbili kwa adapta.

Nikon ina mtego mmoja unaowanasa wanunuzi wa mitumba. Lenzi za zamani zenye herufi D, kama 50mm f/1.8D, hazina mota ndani yake; hutegemea mota ya kamera. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, kuanzia D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota hiyo. Lenzi itaingia, itapiga picha, lakini utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Ukiwa na kamera hizo tafuta maandishi AF-S. Kwenye D90 au D7000, ile ya D hufanya kazi vizuri na ni nafuu.

Nikinunua lenzi ya mtumba, nikague nini?

Beba kamera yako na tochi ya simu, na kutana na muuzaji mahali penye watu na mwanga. Vua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka upande mmoja na uchungulie kutoka wa pili, ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi chache si kitu. Nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na hapo ondoka hata bei ikishuka. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma huonekana haraka zaidi.

Kisha ifunge kwenye kamera. Piga kitu chenye maandishi kwa f/1.8, cha karibu na cha mbali, ukiangalia kama fokasi inatua mahali pamoja. Piga kwa f/8 uone kama tundu linafunga kweli. Piga ukuta ulionyooka, ulinganishe ukali wa pembe nne. Pembe moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, lenzi huenda iliwahi kuanguka. Tuma M-Pesa baada ya hayo yote, si kabla.

Kwa Canon 50mm, toleo la II la mwaka 1990 lina shingo ya plastiki na bapa tano za tundu, hivyo taa za nyuma hutoka na umbo la pembe tano ukifunga tundu. Toleo la STM lina shingo ya chuma na bapa saba. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua STM.

Lenzi za Yongnuo na kampuni nyingine za China zinaaminika?

Kwa picha, nyingi zinatosha. Udhaifu wake uko zaidi kwenye kasi na uthabiti wa fokasi, kwa hiyo ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe kama ilivyoelezwa hapo juu. Kwa harusi, ambako tukio halirudiwi, ningeongeza fedha nichukue ya kampuni iliyotengeneza kamera.

Na lenzi za zamani za fokasi ya mkono, kama Helios 44-2?

Helios ya 58mm f/2 kutoka Urusi ya zamani huzungusha mandhari ya nyuma kwa namna inayopendwa. Kwenye Canon inahitaji adapta ya kawaida tu. Kwenye Nikon za kioo, adapta isiyo na kioo ndani yake haifiki fokasi ya mbali. Ni lenzi ya subira, isiyofaa watoto.

## Kutunza lenzi pwani

Nifanyeje lenzi isipate kuvu?

Kuvu hupenda giza, joto, hewa iliyotulia na unyevu, na hapa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70. Huhitaji kabati la umeme kuanza. Nunua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, weka paketi za silika na kipimo kidogo cha unyevu, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo uitumie tena. Usihifadhi lenzi katika mkoba wa ngozi, na usiifungie kabatini miezi ya masika bila kuitoa. Lenzi inayotumika mara kwa mara hupata kuvu kwa nadra.

Nikitoka ndani ya gari au hoteli yenye AC, lenzi inajaa ukungu. Nifute?

Usifute wala usibadilishe lenzi wakati huo. Kabla ya kutoka, ifunge kamera ndani ya begi, na ukifika nje iache humo humo dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje taratibu.

Na chumvi na mchanga wa ufukweni?

Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi, puliza mchanga kwa pampu ya mkono kwanza, kisha pangusa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na mwishowe kioo kwa kitambaa laini kikavu. Ukianza kufuta kabla ya kupuliza, unasaga kioo kwa mchanga.

## Hali za pekee

Nikiwa na lenzi ndefu, bado nahitaji kumwomba mtu ruhusa?

Ndiyo. Umbali hauondoi haki yake, na katika Mji wa Kale, hasa kwa wanawake, kupigwa picha kwa siri ni kuvunjiwa heshima. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, picha ya uso ikiwemo. Katika sherehe za wanawake peke yao, kama kupamba, wenye shughuli ndio wanaoamua nani aingie na kamera na picha ziishie wapi. Kubalianeni hayo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Nina familia ya watu 15 na lenzi ya 50mm tu. Nitafanyaje?

Mkiwa nje, rudi nyuma hadi wote waenee, waweke kwa safu mbili zilizokaribiana, na ufunge tundu hadi f/5.6 au f/8 ili safu ya nyuma nayo iwe kali. Mkiwa sebuleni, weka 50mm begini na utoe ile 18-55mm uliyoambiwa usiiuze. Epuka 18mm, kwa kuwa hapo walio pembeni hutanuka mabega na mashavu. Tumia 24mm hadi 35mm, na kama bado hawaenei, fungua mlango usimame nje ya kizingiti. Pembeni usimweke mtu mnene wala mtoto mchanga aliyepakatwa. Bibi na babu wakae katikati, mahali ambapo adabu na lenzi zinakubaliana.